Kijiwe cha Dakika ya Pili

Grupu letu linaitwa Kijiwe, na jina hilo nililitoa mimi, jambo ambalo sijachoka kuwakumbusha wenzangu. Kijiwe kwa maana ya pale watu wanapokaa kupiga soga, na kijiwe kwa maana ya kile kinachokuvizia kwenye wali mpaka ukitafune. Mchezo wetu ulikuwa huo. Kila siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana, mmoja wetu anatupia wimbo kwenye simu, bila jina la mwimbaji wala maelezo, na wengine wanausikiliza mpaka waokote kitu kidogo ambacho hakikutakiwa kuwemo: kiti kilichoburuzwa studio, mpiga gitaa aliyekosea akajifanya alikusudia, jogoo wa jirani, mtu aliyecheka mbali na kipaza sauti. Ukikipata unaandika dakika na sekunde, basi. Aliyeokota wa kwanza ndiye anayetupia kesho yake.

Tulikuwa wanne. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huku Kihonda, Morogoro. Wa pili ni fundi redio mwenye banda karibu na soko kuu, mtu mwenye mdomo mchafu na mikono safi. Wa tatu ni mama anayeuza nyanya kwa jumla, anazifuata Dumila mara mbili kwa wiki na kusikiliza nyimbo zetu akiwa amekalia matenga. Wa nne ni mhadhiri kijana, mtu wa Bukoba, ambaye kila wimbo anaupenda, hata ule mbaya, na ukimuuliza kwa nini anasema una hisia. Huyo nilikuwa namvumilia tu.

Kwa miaka kadhaa sikio la grupu lilikuwa langu. Niliwahi kuokota mlio wa kijiko ndani ya kikombe katika wimbo wa dansi wenye tarumbeta nne, na fundi hakuniamini mpaka alipousikiliza kwa spika kubwa. Siku zile nilitembea mjini kama mtu aliyeoa juzi. Kisha, sijui lini hasa, nikaanza kushindwa. Wenzangu wanaandika, "Dakika ya kwanza na nusu, kengele ya baiskeli," nami narudia mara tano na kengele siisikii. Nikaandika, "Kweli kabisa, nimeisikia," nikaendelea kula. Uongo mdogo wa namna hiyo haukunisumbua. Hata nyenje walipokoma kulia pale shuleni sikushtuka. Niliwaeleza wanafunzi wa kidato cha tatu kuwa miti imekatwa, nyumba zimejaa, wadudu wamehama Kihonda. Waliandika kwenye daftari. Sasa nikikumbuka jinsi walivyotazamana kabla ya kuandika, naona aibu mpaka leo.

Mjomba wangu alikaa juu milimani, huko Mgeta, kwenye kijiji alikozaliwa mama. Alikuwa kaka pekee wa mama yangu, nami ni mtoto pekee wa mama yangu, na tangu nikiwa mdogo tuliitana mjomba, yeye mimi na mimi yeye. Alilima kabichi na njegere, na alikuwa mpiga mbeta. Mbeta ya kijiji chao ni filimbi saba za mwanzi, na kila filimbi ina sauti moja tu. Mtu mmoja hawezi kupiga wimbo. Anapuliza sauti yake, ananyamaza, anayefuata anapuliza yake, na wimbo unazunguka kati yao kama ndoo ya maji inayopokezanwa. Ile kubwa wanaiita mama. Ile ya mwisho, nyembamba kama kidole cha shahada, wanaiita kitindamimba, na hiyo ndiyo ilikuwa ya mjomba, mzee mwenye mvi kichwa kizima. Alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, si cha ugonjwa, ni mazoea tu. Kabla ya kupuliza alikohoa mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha mlango kwa kidole kimoja.

Aliponunua simu ya kugusa, nilifanya kosa la kumsimulia habari za Kijiwe. Alifurahi kupita kiasi. "Mjomba, niunganishe na mimi," alisema. "Na huku kuna nyimbo." Nikamwambia nitamuunganisha. Kila aliponipigia aliuliza, na kila mara nilisema mtandao, mara nasahihisha mitihani, mara nitamwambia fundi anielekeze. Ukweli ni kwamba nilimwonea haya. Nilijua atatuma mianzi yake, fundi atatia neno, na mimi nitalazimika kucheka.

Akaanza kunitumia mimi mwenyewe. Sauti fupi fupi, za sekunde arobaini hivi. Niliifungua ya kwanza: kikohozi, kikohozi, kisha upepo na kuku wa mbali. Nikaona mzee hajui kushika simu, anaziba tundu la sauti kwa kidole. Nilimwonyesha mke wangu, "Tazama mjomba anavyorekodi kimya," tukacheka, ingawa yeye alikuwa jikoni na hakusikia vizuri. Nikamjibu mjomba kwa kidole gumba. Zikaja nyingine kumi. Nilifungua mbili au tatu, nikasikia kikohozi na kimya, nikaziacha. Kila iliyokuja niliipa kidole gumba.

Alifariki mwanzoni mwa msimu wa mvua, akiwa shambani, asubuhi. Nilipanda na mke wangu na gari la Mgeta, tukamalizia kwa miguu kwenye utelezi. Tulimzika kwa taratibu zote, shehe akasoma dua, na siku ya kuanua tanga wenzake sita wakatoka na filimbi zao. Ilikuwa saa nne asubuhi, lakini ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba na nyumba ya jirani haikuonekana. Watu walijitokeza ndani yake mmoja mmoja, wakinipa mkono, "Pole sana," na nilikuwa nimeshachoka kuitika.

Wapigaji walisimama nusu duara. Mbele yao paliwekwa mkeka, na juu ya mkeka filimbi ya mjomba, imeviringishwa kwenye kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye sanda. Sikukipenda kile kitambaa. Nilisimama kando ya mkeka, nikatoa simu, nikarekodi.

Nasema bila kuficha, sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Filimbi ziliingia kutoka kubwa kwenda ndogo, mama kwanza, kisha nyingine, mpaka ya sita, halafu ilipofika zamu ya mjomba wote waliacha nafasi. Pengo. Pumzi moja ya kimya, kisha mama ikaanza tena. Kila mzunguko, pengo. Machozi yalinitoka hapo, si kaburini. Niliona ni heshima ya ajabu, kumwachia mtu nafasi yake ikiwa tupu. Wanawake walilia, mmoja nyuma yangu akasema, "Pole." Nikatikisa kichwa bila kugeuka.

Walipomaliza, mshika filimbi kubwa alinijia. Ni mzee mrefu anayeongea huku anatazama miguu yako. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitika, kisha akasema moja kwa moja, "Kitindamimba ni yako. Filimbi haiendi kwa mtoto wa mtu, inaenda kwa mtoto wa dada yake. Na dada yake alizaa wewe tu."

Nikamuuliza nikikataa je. Alisema siku ya arobaini, kama mkono wa kuishika haujapatikana, filimbi inarudishwa kijitoni ilikokatwa, na nyimbo zake zote zinakoma. "Mbeta ya watu sita si mbeta, mjomba. Ni watu sita wanapuliza mianzi."

Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa mtu wa mjini, mwalimu, mwenye vipindi na madaftari. Na tangu utotoni sikuwahi kugusa filimbi yoyote. Alikubali kwa kichwa, akaniambia arobaini si mbali.

Jumatatu, saa ya chakula, ilikuwa zamu ya fundi kutupia, nikamwomba anipishe. Nikatuma mbeta. Kwa mara ya kwanza nilivunja sheria yangu mwenyewe nikaandika maelezo: "Matanga ya mjomba. Msitafute kijiwe. Sikilizeni pengo. Hapo ndipo alipokuwa anapuliza yeye."

Nilisubiri. Mama wa nyanya aliandika, "Pole sana mwalimu. Nzuri mno. Pengo lipi?" Mhadhiri akaandika, "Ina hisia. Lakini sijaona pengo." Fundi yeye hakuwa na adabu: "Ticha, acha hizo. Filimbi saba kamili. Tena ile ndogo ndiyo tamu kuliko zote, inatoboa kama sindano. Na kijiwe kipo. Dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne, mtu anakohoa mara mbili kabla ya filimbi ndogo. Halafu mama mmoja anasema pole."

Nilikasirika. Niliandika kwamba wapigaji walikuwa sita, niliwahesabu, nilikuwepo. Nikafungua wimbo, nikaupeleka dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne. Kikohozi, kikohozi. Taratibu, kama kidole kimoja mlangoni. Kisha kimya. Kisha yule mama, "Pole."

Nilisukuma sahani kando. Nilijiambia msibani watu hukohoa, baridi ile, ukungu ule. Nikajiambia wengine hufanana vikohozi kama wanavyofanana mwendo. Kengele ikalia, au naamini ililia, maana niliona wanafunzi wakiingia darasani, nikawafuata.

Kipindi kilikuwa cha mawimbi ya sauti. Niliwapa mgongo, nikawa nachora wimbi ubaoni, na nyuma yangu nikasikia kikohozi. Mara mbili. Nikageuka kumtafuta mwenye mafua. Darasa zima lilikuwa linanitazama mimi, na binti wa dawati la mbele akasema kwa upole, kama wanavyofundishwa nyumbani kwao, "Pole, mwalimu."

"Pole ya nini?" nilifoka.

"Umekohoa, mwalimu."

Sikuwa nimekohoa. Mtu anajua kifua chake. Niliwapa zoezi la kurasa mbili, nikatoka nje nikasimama kwenye varanda nikiitazama milima, ambayo siku hiyo ilikuwa imefunikwa nusu.

Baada ya kazi nilikwenda kwa fundi. Banda lake ni dogo, limejaa redio zilizofunguliwa matumbo, na kwenye pembe ana kompyuta anayosafishia nyimbo za harusi. Nilimkuta akimhudumia binti mmoja anayenunua chaja. Nikamwambia, "Weka ile mbeta kwenye spika. Nionyeshe hiyo filimbi yako ya saba." Alidhani natania. Aliiweka. Filimbi zikapanda, kubwa, ndogo, ndogo zaidi, pengo.

"Hapo," fundi alisema, na binti wa chaja akatingisha kichwa, kweli ipo.

"Hapo kuna kimya," nikasema.

Fundi alinitazama, akaacha utani. Akafungua wimbo kwenye kioo cha kompyuta, ule mchoro wa mistari inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu. Nimefundisha michoro ya namna hiyo miaka mingi. Niliziona filimbi sita zimepangwa kama ngazi. Na juu yake, kila mzunguko, mahali pa pengo langu, palikuwa na mstari wa saba, mwembamba, mweupe, umenyooka. Nilikuwa natazama kwa macho kitu ambacho masikio yangu yaliapa hakipo.

"Ticha," alisema kwa sauti ya chini, "huisikii?"

Hakungoja nijibu. Alichukua simu yake, akaweka mlio mmoja, akaniambia niinue kidole ninapousikia, akawa anaupandisha kidogo kidogo. Niliinua, nikainua, nikainua. Kisha ukakoma. "Umezima," nikasema. Fundi alitikisa kichwa, na nilipogeuka nikamwona binti wa chaja ameziba masikio kwa viganja na amekunja uso.

Nisingependa kuandika nilivyojisikia, lakini nitaandika. Niliogopa. Mimi ninayejua kila kijiwe, sikio la grupu, nilikuwa nimesimama katikati ya soko la Morogoro na kuna kitu kinapiga kelele hadi watu wanaziba masikio, nami nasikia honda zinapita na muuza karanga anahesabu chenji. Nikawakumbuka nyenje wa Kihonda. Hawakuwa wamehama.

"Basi," fundi alisema, akijaribu kunitoa kwenye aibu, "ndiyo uzee huo, ticha. Wapigaji walikuwa saba, wewe ulisikia sita, ukahesabu sita."

"Niliwahesabu kwa macho," nikamwambia.

Binti alilipa chaja yake akaondoka bila kusubiri chenji.

Tulimpigia mshika filimbi kubwa tukiwa palepale, fundi akaweka simu spika. Nilimwamkia, nikamuuliza siku ya kuanua tanga nani alipuliza kitindamimba.

"Mjomba," alisema mzee, "sisi tulidhani ni wewe."

"Mimi? Mimi nilikuwa nimeshika simu."

"Tulifumba macho, tunapopuliza huwa tunafumba. Tulisikia kikohozi pale kwenye mkeka, tukasikia kitindamimba, tukasema alhamdulilahi, kijana ameishika. Hata mama zako nyuma walikusikia unakohoa, wakakupa pole. Hukuitika, na baadaye ukasema utafikiri. Tukasema ni msiba, tumwache. Kwani si wewe?"

Fundi alikata simu kwa kidole chake mwenyewe. Alikaa anaangalia redio zake. Alichosema ni kwamba hatamwambia mtu habari za masikio yangu. Habari zile nyingine hakuzigusa.

Jumamosi mchana nilimwita mke wangu sebuleni. Nilimweleza yote, kuanzia nyenje. Hakunicheka. Nilimwomba akae karibu nami, nikafungua zile sauti kumi na moja za mjomba, tangu ya kwanza. Tulipanga kwamba filimbi ikianza ainue mkono, na ikikoma aushushe.

Kikohozi, kikohozi. Mkono ukapanda. Mimi nikasikia upepo na kuku. Mkono ukakaa juu, ukakaa, kisha ukashuka. Ya pili vilevile. Ya tatu. Nilikaa kwenye kiti changu nikautazama mkono wa mke wangu ukipanda na kushuka, na hiyo ndiyo njia pekee niliyowahi kumsikia mjomba wangu akipiga. Hakuwa ameziba tundu la simu kwa kidole. Alirekodi vizuri tangu siku ya kwanza.

Ya kumi na moja sikuwahi kuifungua. Ilianza kama nyingine. Kikohozi, mkono juu, mkono chini. Kisha, kabla haijaisha, sauti yake nzito ikaja, karibu kabisa na simu.

"Mjomba, umeipata? Safari hii nimejitahidi. Mwishoni pale nimeipandisha kidogo, haitakiwi. Hicho ndicho kijiwe changu. Wapelekee wenzako, tuone kama wataokota."

Nililia kwa sauti. Mke wangu alinishika bega, akasema, "Pole, baba. Pole." Nikamuuliza, pole ya mjomba au nimekohoa tena? Alinifuta uso kwa upande wa kanga yake.

Nilizituma zote kumi na moja kwenye Kijiwe siku ileile, bila kusubiri zamu ya mtu. Niliandika ni za mjomba, na kwamba nilikaa nazo kwa miezi bila kuwapa, na kwamba masikio yangu yameharibika na nimekuwa nikiwadanganya habari za kengele za baiskeli. Hakuna aliyenijibu kuhusu kengele. Mama wa nyanya ndiye aliyeokota. "Ya kumi na moja," aliandika, "mwishoni inapanda kidogo. Nimelia mbele ya wateja." Mhadhiri akaandika zina hisia, na safari hiyo nilikubaliana naye.

Daktari wa masikio alinipima, akanionyesha mchoro unaoporomoka kama njia ya kushuka Mgeta. Sauti nyembamba hazirudi. Alinishauri kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio, akasema kitasaidia mazungumzo. Nilimuuliza kuhusu filimbi ndogo ya mwanzi. Alitabasamu kwa huruma, akaniuliza kama mimi ni mwanamuziki.

Siku ya arobaini tulipanda tena. Ukungu ulikuwepo, mkeka ulikuwepo, na kitambaa kilekile cheupe. Kijito kinapita chini kidogo ya ua, na mtu alikuwa ameshafyeka njia ya kwenda huko, tayari kwa ajili ya kuirudisha filimbi. Niliiona ile njia na majani yake mabichi yaliyokatwa, na kitu ndani yangu kikakataa. Nilimwendea mshika filimbi kubwa.

"Naishika," nikamwambia. "Lakini mzee wangu, siisikii. Daktari amesema. Nitajuaje kama nimepuliza?"

Alitazama miguu yangu. "Hiyo si ya kuisikia wewe," alisema. "Mjomba wako naye aliniambia haisikii vizuri, miaka mingi. Alikuwa akikohoa kwanza ili ajue yupo. Wewe tutazame sisi. Tukinyamaza, ni zamu yako."

Sikujua hilo. Hakuwahi kuniambia, kwa maana sikuwahi kumuuliza chochote.

Nilikifungua kitambaa. Filimbi ilikuwa nyepesi, na mahali pa midomo palikuwa pamelika kidogo upande wa kushoto. Mke wangu alisimama nilipokuwa nimesimama mimi siku ile, ameshika simu. Wapigaji wakafumba macho, mimi nikabaki macho wazi. Mama ikaanza, ikapokewa, ikapanda hadi ya sita, na vifua vyao vikatulia vyote kwa pamoja. Nikapuliza. Sikusikia kitu. Nilihisi mwanzi ukitetemeka kwenye mdomo na kwenye meno ya mbele, na niliona nyuma ya wapigaji wanawake wakishika vifua. Mama ikaanza tena. Mzunguko wa nne au wa tano nilikuwa nimeshaacha kuhesabu. Nilipuliza pale waliponyamaza, nikanyamaza walipopuliza, na ile njia iliyofyekwa chini ya ua haikuwa na kazi tena.

Pamoja na filimbi walinikabidhi simu ya mjomba, wameitia chaji, imefungwa kwa raba. Tukiwa juu kule, kabla ya kushuka, niliiunganisha namba yake kwenye Kijiwe, jambo aliloniomba kwa muda wote ule na ambalo lilinichukua nusu dakika. Nikaihamishia rekodi ya mke wangu, nikaituma kutoka kwenye namba hiyo yenye picha yake. Bila jina, bila maelezo, kama sheria inavyotaka.

"Karibu Kijiwe, mzee wetu," mama wa nyanya aliandika. Mhadhiri akatuma moyo. Fundi alichukua muda. Najua alikuwa ameiweka kwenye spika kubwa, na najua alikuwa anahesabu.

Akaandika, "Saba. Safi kabisa, ticha. Kijiwe kipo palepale: dakika ya pili, kikohozi mara mbili, halafu ndogo inaingia. Pole."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameketi kwenye jiwe anafuta matope kwenye viatu. Nilimuuliza kama nilikohoa wakati napiga. "Hukukohoa hata mara moja," alisema. "Nilikuwa nakutazama mdomo."

Nikaisikiliza mwenyewe, nimeibana simu ya mjomba sikioni. Dakika ya pili. Kikohozi, kikohozi, taratibu, na hicho nakisikia vizuri, masikio yangu hayana tatizo nacho. Baada yake kimya, na ndani ya kile kimya, wananiambia wote, nipo mimi.

Fundi alikuwa bado anasubiri. Nikashika simu ya mzee, nikamwandikia jibu: "Tumeshapoa."